Nyota ya Mkia kwenye Mkanda wa Bi Zainabu

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na miwili na kiburi cha kuwatosha watu watatu, nilipanda jiwe kubwa nyuma ya nyumba yetu pale Singida mjini nikiwa na kamera isiyo yangu. Magharibi ilikuwa imeshaswaliwa. Upande jua lilikozama ilionekana nyota yenye mkia, na mji mzima ulikuwa ukiizungumzia. Wapo waliosema inaleta njaa. Mimi niliona inaleta picha.

Nilikuwa nafanya kazi kwa mjomba wangu Athumani, mwenye studio ya picha. Biashara ilikuwa imeachiwa huru siku hizo, maduka yamejaa mikanda ya rangi, na mteja hakutaka tena kusikia habari ya picha nyeusi na nyeupe. Lakini za rangi sisi hatukuweza kuzisafisha. Mkanda ulitiwa kwenye bahasha, mjomba akaigonga muhuri, kondakta wa basi akaupeleka Dodoma kwenye mashine. Ulirudi baada ya siku kadhaa na picha zake.

Mkanda uliokuwa ndani ya kamera jioni ile, mjomba aliuweka kwa kazi ya Bi Zainabu wa Ikungi. Huyu alikuwa mjane mwenye watoto saba waliotawanyika, na alikuwa anajiandaa kwenda Makka. Kesho yake watoto wote walikuwa wanakuja kumuaga, mara ya kwanza kukutana tangu wamzike baba yao. Alitaka picha ya wote pamoja, aiache ukutani endapo hatarudi. Nami nikajiambia, mkanda una picha thelathini na sita, mama wa watu atazifanyia nini zote? Nikachukua kumi na mbili za nyota.

Nilizipiga vizuri, sitajidhulumu. Kamera niliiweka kwenye stendi ya miguu mitatu, nikaacha lenzi wazi huku nahesabu polepole hadi ishirini, maana ukizidisha nyota zinajiburuta, na ukipunguza mkia hautoki.

Ikungi mambo yakaenda mbio. Kila mtoto alitaka picha na mkewe au mumewe, kila mjukuu alitaka yake na bibi. Kifungua mimba, dereva wa lori, alichelewa. Alipofika na wote saba wakajipanga kumzunguka mama yao, nilitazama kamera nikakuta imebaki picha moja. Nikaipiga, nikatabasamu kana kwamba ndivyo nilivyopanga.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Mpiga picha yeyote wa wakati ule alijua kwamba ukipiga usiku, unaandika juu ya bahasha: msikate. Mashine hukata nega, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, vipande vipande kwa kufuata mpaka kati ya picha na picha; humo anga jeusi hutoka jeupe, mpaka hauonekani, na mashine ikianza kukata vibaya inaendelea vibaya hadi mwisho. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Sikuandika, kwa sababu mjomba angelisoma neno hilo akajua nimepiga usiku.

Mkanda uliporudi, picha ya wote saba ilikuwa imekatwa katikati. Kisu kilipita kwenye uso wa Bi Zainabu. Niliona aibu ambayo haijanitoka mpaka leo.

Mjomba hakupandisha sauti. Alizitazama zile picha za nyota, akavitazama vile vipande, kisha akanitazama mimi.

"Mwajuma, ungeniomba mkanda wa kupigia nyota, ningekunyima?"

"Usingeninyima, mjomba."

"Sasa ukaiba kwa nini?"

Akaniambia niende Ikungi mwenyewe. "Na useme ulichofanya wewe," akasema. "Usiende kuisingizia mashine."

Nilimkuta Bi Zainabu anakunja nguo za safari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea wanangu?"

Nilimweleza yote, kuanzia nyota. Aliviunganisha vile vipande juu ya paja lake. Yule dereva alikuwa ameshapita Shelui na lori lake, anaelekea mpakani, na mama alibakiza siku mbili aondoke. Wengine sita walikuwa bado hapo.

"Basi tupige tena na waliopo," akasema. "Lakini hapo alipokuwa amesimama mkubwa, asisimame mtu."

Nikapiga, na picha ikatoka safi kabisa, na ile nafasi tupu ikaonekana wazi kuliko sura zote. Bi Zainabu alirudi salama kutoka Makka, akaishi miaka mingine minne. Wote saba hawakukutana tena mpaka siku ya kumzika.

Usidhani niliiacha nyota. Wiki ileile mjomba alinipa mkanda mzima, akapanda nami jiweni akilalamikia magoti, na lile neno msikate akaliandika juu ya bahasha kwa mkono wake mwenyewe. Tukaipata, kichwa na mkia, tukaitundika studio. Tangu hapo nimepiga mwezi ukipatwa na vimondo vikianguka, kila mara kwa mkanda wangu, na watu wa nyumbani wakijua niko wapi. Nimekuwa hodari wa kazi hiyo na ninajua hivyo.

Kwa hiyo, mwanangu, kipende kitu chako bila kujificha. Mambo adimu yakitokea angani, toka ukayaone, usingoje ruhusa ya wanaocheka. Lakini chombo kikiwa cha mwenzako, kiombe. Na ukishakosea, sema mapema, wakati bado kuna mtu wa kukusaidia. Kupenda nyota hakukumdhuru Bi Zainabu. Kilichomdhuru ni neno moja nililoogopa kuandika.

Mungu akupe macho ya kuona mazuri yake, akupe na ulimi wa kuomba na wa kukiri. Akujalie wanaokupenda wakusikie kabla hawajaondoka.