Misumari Sita Kwenye Sinia la Matufaha

Lile ghala la Kitisuru liliniudhi kabla sijaligusa. Lilijengwa kwa mbao za mtarakwa na Mzungu wa kwanza wa shamba lile, kabla baba yangu hajaoa, bila msumari hata mmoja: ulimi wa boriti uliingia katika tundu la nguzo, kisha kijiti kikapigiliwa kati. Hakuna nguzo iliyosimama wima.

Bwana mpya alitaka ghala liwe mahali pa kutengenezea pombe ya matufaha, kama ya kwao. Aliajiri fundi mzee kutoka Maragoli, na mzee akanichukua kwa majaribio. Mimi ufundi nilijifunza peke yangu, katika kitabu kuukuu nilichonunua mjini, kwa hiyo kila asubuhi nilitoka Riruta nikiogopa kwamba leo ndiyo siku atakayogundua sijui kitu.

"Mzee, nguzo hii imelala."

"Imelala tangu sijaota mvi. Umesikia ikilalamika?"

"Tuinyooshe."

"Wewe fundi wa kitabu! Nyoosha moja, uone zote zinavyokuja kukusalimia."

Kwa kila kitu alisema, "Inatosha." Inatosha! Neno lile lilinitafuna wiki nzima. Kisha akaunga kwa vijiti sinia kubwa la mbao la kupokea maji ya matufaha yanapokamuliwa, na kwenye kona moja akaacha mwanya mwembamba kama unyasi. Alishaniambia chuma na matufaha havipatani. Kitabu changu hakikusema hivyo. Alipokwenda kunywa chai, nikaukaza mwanya kwa misumari sita, nikazamisha vichwa, nikaziba kwa nta. Kona ikanyooka. Niliitazama kwa furaha ambayo sasa inanitia haya.

Siku ya kukamua, maji yalibaki kwenye sinia wakati wa chakula cha mchana. Tuliporudi, kona yangu ilikuwa nyeusi kama wino.

Bwana akamgeukia mzee. "Wewe natia chuma! Mimi nasema hapana chuma! Leo wewe nakwenda!"

"Hakuna chuma, bwana. Naapa kwa watoto wangu."

Angeapa kwa kitu kingine, labda ningenyamaza.

"Chuma iko, mzee," nikasema. "Sita. Nimetia mimi."

Mzee akabaki kazini. Mimi nikaamriwa niondoke, lakini mzee akanipa koleo. "Toa yako kwanza."

Niliing'oa saa nzima, nikaacha matundu mabaya kuliko mwanya wenyewe. Alichonga vijiti, akayaziba, kisha akapitisha kidole kwenye kona.

"Mbao ikinywa maji hufura," akasema. "Mwanya ungejifunga wenyewe kabla ya jioni."

Kwa nini hakuniambia mapema? Bado namkasirikia kwa hilo, ingawa najua sikumuuliza.

Nilipofika Spring Valley, njiani kurudi nyumbani, nikakumbuka kwamba pima maji yangu, ya kupimia kama kitu kimenyooka, imebaki juu ya boriti. Sikurudi.