Gauni la Manjano na Povu la Sabuni

Mashoga zangu, leo nusura gauni la mwanangu linivue nguo mbele ya Temeke nzima!

Rehema wangu ndiye anayeongoza wasichana kucheza harusini, na sare ni njano. Wenzake wamenunua vitambaa dukani. Mie nikashona la amerikani, kile kitambaa cheupe cha bei nafuu, nikalichemsha na manjano ya jikoni. Likatoka, nawaambieni, jua lenyewe lingeona haya!

Asubuhi nikalianua nimringie jirani yangu, Mama Zuhura.

Nikasahau kwamba nilikuwa nafua. Mikono imejaa povu.

Nilipolishika tu, likageuka jekundu. Alama za vidole vyangu vyote, kifuani!

"Mama Rehema, binti anakwenda kucheza au katoka kuchinja kuku?" Mama Zuhura akacheka mpaka akashika ukuta.

Rehema machozi. "Mama, mie siendi."

"Utakwenda, na mbele utakaa."

Maana nilikumbuka: nikishapika, vidole vyenye manjano vikigusa sabuni huwa vyekundu, nikivipaka ndimu vinarudi. Nikakamua ndimu, nikapangusa alama moja moja.

Njano ikarudi!

Na mwanangu kacheza, jamani. Harusi yote macho kwake. Hata Mama Zuhura alimkumbatia na jasho lake lote, kanga yake mpya nyeupe ikaondoka na njano yetu.

"Shoga, hii itatoka?"

"Kaifue kwa sabuni," nikamwambia.

Ndimu zimebaki, ziko hapa kikapuni. Nyie mnasemaje: nimpelekee sasa hivi, au nisubiri kwanza nisikie ukelele?