Mkutano wa Chuo Sebuleni Kwangu

Mimi shule niliiacha darasa la tano, na bado ukitembea kutoka Mabawa hadi Nguvumali, nyumba nyingi unazoziona zimesimama kwa tofali zangu. Nalisema hilo bila kuona haya. Nilianza kwa kufyatua kwa mikono. Leo nina mashine, nina gari la kupeleka mzigo, na nina sebule ambayo mtaani kwetu haina mfano. Kwa hiyo ilipotangazwa kuwa mjini kwetu kitajengwa chuo cha umma, na wananchi tukaitwa tuseme tunataka chuo cha namna gani, nilimwambia mwenyekiti wa mtaa mkutano ufanyike kwangu.

Watu walidhani ni majivuno. Yalikuwemo, sikatai. Lakini sababu hasa ilikuwa nyuma ya pazia la kijani linalotenga sebule na vyumba vya ndani. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa amefiwa na mumewe akiwa mjamzito, yumo edani: hatoki ovyo, wala haonekani mbele ya wanaume wasio maharimu wake, mpaka ajifungue. Na mtaa mzima hakuna aliyekitaka chuo kile kama yeye. Alitaka kusomea umeme. Ndiyo, umeme! Pasi za majirani zikiharibika zilikuwa zinaletwa kwake.

"Baba, mkutano mkiufanyia huko ofisini kwa mwenyekiti, mimi nitausikiaje?"

Basi nikamletea mkutano nyumbani.

Viti vilijaa mpaka barazani. Dada wa mipango miji kutoka halmashauri akabandika ramani ukutani, akauliza tunataka nini. Wazee wakataka msikiti. Vijana wakataka uwanja wa mpira. Mimi nikataka geti la maana, la kuonekana tangu barabarani. Mke wangu akaingia nyuma ya pazia, akatoka.

"Pazia linasema," akatangaza, "tuwekewe chumba cha watoto. Mama anayenyonyesha aingie darasani, mwanawe awe jirani."

Muuza spea mmoja, jirani yangu, bingwa wa kejeli, akaguna. "Yakhe, tunajenga chuo au chekechea?"

Mke wangu akaingia tena, akatoka. "Pazia linakuuliza: mama yako alipokuwa akiuza samaki sokoni, wewe ulikuwa wapi? Si chini ya meza yake? Na mpaka leo sokoni hujatoka!"

Sebule ikaangua kicheko. Muuza spea mwenyewe alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Dada wa mipango akachukua kalamu, akachora kijumba kando ya madarasa. Nikasikia nyuma ya pazia mwanangu akipiga makofi, taratibu, kama anayeogopa kusikika.

Ramani iliachwa kwangu ili watu waendelee kuitazama. Wageni walipoondoka binti yangu alitoka, akaisogelea na tumbo lake, akaweka kidole juu ya kile kijumba.

"Mwanangu atalala hapa, baba. Mimi nitakuwa hapa." Kidole kikasogea kidogo tu. "Akilia nitamsikia."

Alijifungua mtoto wa kike. Damu ikakataa kusimama. Wauguzi walihangaika naye, siwalaumu. Mimi ninayejua kununua kila kitu nilisimama kwenye korido na funguo za gari mkononi, simwoni wa kumpa wala wa kumbembeleza. Waliniletea mtoto kwanza. Halafu wakaniambia nikae chini.

Wakati dada wa mipango anarudi na mchoro uliokamilika, mkutano ulikuwa kwangu vilevile. Hakuna aliyefikiria kuuhamisha, na mimi sikuwa na nguvu za kukataa. Dada wa mipango hakuwa na habari za msiba wetu. Alibandika mchoro, akaligeukia pazia huku anatabasamu.

"Chumba cha watoto kimepita. Mwambieni yule dada wa nyuma ya pazia, ombi lake limekubaliwa. Na nasikia ni fundi, aje wa kwanza kujiandikisha."

Muuza spea alivua kofia, akaipakata. Dada wa mipango akaniangalia mimi, mwenye nyumba, mimi ambaye mikutanoni hakuna mtu amewahi kuninyamazisha. Nikainuka, nikaweka kidole juu ya kile kijumba.

Nyuma ya pazia, mikononi mwa bibi yake, mjukuu wangu akaanza kulia. Sebule nzima tulimsikia.