Mstari Mwekundu kwenye Ukuta wa Mama Furaha

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo hata nikizeeka sitaisahau. Naiandika sasa hivi, wakati mimi bado ni mwanafunzi wa sekondari na wewe hujazaliwa. Usicheke. Wazee huwasimulia watoto wao mambo yakiwa yameshapoa. Mimi nataka hili likufikie likiwa bado linanichoma.

Ujue kwanza mama yako ni mtu gani. Darasani mwalimu akiita jina langu nanyanyua mkono tu, siitiki. Dukani nasubiri watu wote waishe ndipo niombe sabuni. Bibi yako hunitania: "Huyu siku ya ndoa, ile 'ndiyo' ya kanisani nitaisema mimi."

Nyumbani Kinanira, mtaa wa juu hapa mjini Buja, tulikuwa na mpangaji kwenye kile chumba cha nje. Aliitwa Dokteri Kossi, mtu wa Togo, mtaalamu wa maji. Si daktari wa sindano, ingawa majirani walikuwa wakimletea vidonda vyao. Ni mweusi kama sisi, lakini watoto wa mtaani walimwita muzungu kwa ajili ya gari lake na ile kofia ngumu ya plastiki. Asubuhi alikunywa chai kwetu huku redio ikisema: vita ng'ambo ya mpaka, watu wanavuka mto Rusizi na magodoro kichwani, foleni za mafuta, ziwa limepanda tena. Kila habari ilimkumbusha nchi nyingine. Msumbiji aliona mbuzi wamefungwa juu ya paa. Haiti alilala juu ya meza ya shule, maji yakipita chini yake.

"Nimezunguka sana, binti," alikuwa akiniambia kwa Kifaransa. "Lugha zinabadilika, vyakula vinabadilika. Maji ni yale yale. Ndiyo maana kazi yangu ni nyepesi."

Nilimwamini. Nilitaka kuwa kama yeye, mtu anayeshuka popote duniani na tayari anajua la kufanya.

Wiki ile alishuka mitaa ya chini, kando ya ziwa, yeye na dereva na ndoo ya rangi. Walipiga mstari kwenye kuta za nyumba, kuonyesha maji yanaweza kufika wapi mvua kubwa zikija. Alirudi na furaha.

"Watu wa hapa ni wapole mno! Wamenipa kiti, wamenipa Fanta, hakuna aliyebisha."

"Walikuuliza maswali?" bibi yako akamwuliza.

"Hata moja!"

Bibi yako akakunja uso, akaendelea kuchambua maharage. Halafu akasema, "Jumamosi nenda na huyu mtoto. Anajua Kiswahili cha kule."

Basi nikaenda. Niliposhuka garini, mwanangu, nilidhani tumekosea njia. Nyumba hazikuwa na vichwa. Nne au tano, zimebaki kuta tupu. Jua lilikuwa limeingia vyumbani kama mgeni asiyebisha hodi. Kwenye ukuta mmoja picha ya Bikira Maria ilikuwa ikitazama mawingu. Vitanda nje, masufuria nje, kuku ndani ya beseni. Na kwenye kila ukuta, mstari wa Dokteri. Mwekundu.

Mana yanje! Mungu wangu!

Buja kila mtu anajua: rangi nyekundu ukutani maana yake nyumba inavunjwa. Ukiiona husubiri mashine. Unatoa mabati, milango, madirisha, ukajenge kwingine, maana mashine ikifika haikuachii kitu. Hakuna anayetufundisha. Tunajua tu, kama tunavyojua kutogusa waya wa umeme ulioanguka.

Dokteri alikuwa akitabasamu. "Wanabadilisha mabati? Vizuri sana."

Niligeuka pembeni. Nilimwona Mama Furaha, mwanamke wa Uvira aliyekimbilia Buja zamani, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani tuliowanunua kwake, ndiye aliyempa ile Fanta. Alikuwa ameketi juu ya rundo la mabati yake. Nyuma yake, katika chumba kisicho na paa, binti yake Riziki alikuwa amelala na mtoto mchanga wa juzijuzi, wamejifunika kitenge.

"Karibu, Dokteri," Mama Furaha akasema bila kusimama. "Leo kiti hakuna. Kiti iko chini ya kitanda, kitanda iko inje."

"Mwulize kwa nini wametoa mabati," Dokteri akaniambia.

Nikauliza, kwa sauti ya kuomba sabuni.

"We mutoto, huyu ananichezea? Si yeye alikuja na rangi? Tukasema bon, huyu angalau ni mustaarabu, ametupatia siku za kutoa vitu. Wengine hawatupatiaka hata hiyo."

"Na Fanta, mama?"

"Mutu anakuja kuvunja nyumba yako, utamutukana? Unamupa Fanta. Pengine atachelewa."

Nikamtafsiria yote. Dokteri akavua kofia yake. "Nyekundu inaonekana kwa mbali," akasema. "Ni hilo tu. Kila nchi nimetumia nyekundu." Akarudia tena na tena.

Radi ikapiga juu ya milima. Nyumba ya jirani, kijana mmoja aitwaye Bosco alikuwa juu ya paa anang'oa misumari. Dokteri akakimbia huko, mikono juu, akipiga kelele kwa Kifaransa.

"Amekasirika!" Bosco akawaambia wenzake. "Anaona tunachelewa!" Wakazidi kung'oa.

Nilitazama mawingu, nikatazama kile kitenge juu ya mtoto. Hapakuwa na mtu mwingine wa kusema. Nikafungua mdomo.

"Apana! Bosco, shuka! Hakuna mutu anavunja! Ni kipimo ya maji tu! Alikosea rangi!"

Sauti ilikatika katikati kama ya jogoo mdogo. Mtaa mzima ukanigeukia.

"Yoo!" mwanamke mmoja akasema. "Kumbe mutoto wa Kinanira iko na mudomo!"

Walicheka, mwanangu, halafu wakakimbilia mabati. Tulianza na chumba cha Riziki. Bosco alipigilia, watoto walinyoosha misumari iliyopinda kwa mawe, Dokteri alishikilia mabati akiwa na shati lake la ofisini mpaka kiganja kikachanika. Mvua ilitukuta tumefika nusu. Unga uliloa, magodoro yaliloa. Mtoto hakuloa.

Tukasimama wote chini ya ile nusu ya paa. Mama Furaha akaenda mlangoni, akajiweka kando ya mstari. Ulipita kifuani pake.

"Dokteri. Maji itafika hapa kweli?"

Dokteri akaniangalia mimi kwanza, kama anayetaka nimsaidie. Halafu akasema ndiyo. Mvua kubwa zikija, inawezekana kabisa.

Ile ndiyo ilinishtua kuliko mabati yote. Niliitafsiri polepole. Riziki akamkumbatia mwanawe. Kitanda chake kilikuwa chini sana ya mstari.

Mama Furaha hakupandisha sauti. "Basi ulikuwa na habari kubwa hivi. Ukaikalia kwenye kiti yangu, ukakunywa, ukaenda, ukaachia ukuta iniambie?"

Nilitafsiri kila neno. Dokteri aliinamisha kichwa.

"Sasa anza upya," Mama Furaha akasema, akamsogezea beseni lililopinduliwa. "Kaa. Sema wewe. Mutoto atatufasiria."

Akakaa. Akaeleza huku mvua ile ikipita: mfereji gani wauangalie, dalili zipi zikionekana waondoke, kina Riziki na mtoto wahamie wapi mapema. Safari hii waliuliza maswali mpaka koo langu likakauka. Baadaye Bosco alileta rangi ya bluu iliyobaki alipopaka mlango wake, wakaupaka mstari upya, pale pale.

Njiani Dokteri hakuwasha redio. Aliniuliza majina ya watu wa mtaa ule. Nilijua matatu tu, na nikaona aibu nyingine, tofauti na ile niliyoizoea.

Mwanangu, nasema wazi ili usihangaike kutafuta. Ukienda kufanya kazi kwa watu, hata kazi njema, usiguse ukuta wao kabla hujakaa ukauliza: kwenu hii ina maana gani? Wakikukubalia kila kitu bila swali, usirudi na furaha. Rudi ukawaulize wanaogopa nini. Habari nzito ibebe kwa mdomo wako mwenyewe. Na kama utarithi aibu yangu, sauti ikikatika iache ikatike, maadamu maneno yametoka.

Mungu akupe miguu ya kufika mbali na makalio ya kukaa chini (bibi yako asione nimeandika hivyo). Kila utakakofika ukute kiti, na ukiondoka uwaache watu chini ya paa lao.