Meno ya Juu Yalitangulia

Nilipokuwa mtoto, kabla sijaweza kutamka jina langu sawasawa, nilikwishajua kwamba meno yangu yaliota vibaya. Watoto wengine jino la kwanza huwatokea chini. Langu lilitokea juu. Kwetu Vihingo, upande wa Kisarawe, mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na kigego ana nuksi. Hapigwi kwa hilo, wala hanyimwi chakula, ila jambo jipya halianzi naye. Nyumba mpya asiingie wa kwanza. Mbegu za kwanza za msimu asizishike. Bi harusi akitolewa nje, kigego arudishwe ndani. Nilikuwa nayasikia haya kama watoto wengine wanavyosikia kwamba wasichezee moto. Sikuona ubaya wake mpaka ilipofika zamu ya shule.

Nitaeleza polepole, maana nikilikumbuka jambo hili hasira hunipanda nikaanza kuruka maneno.

Kufungua shule kwetu kulikuwa na taratibu zake. Watoto wote wa kitongoji waliokuwa wanaanza darasa la kwanza walikusanywa asubuhi uani kwa bibi yangu mzaa baba, Bi Mwashamba, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa pale. Kila mtoto na ufagio wake wa chelewa, dumu lake la maji, na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Bibi alichovya kidole kwenye unga mweupe, akamtia kila mmoja alama kwenye paji la uso, huku akiwasemesha wazee waliotangulia na kumtaja Mungu humo humo. Kisha watoto wakatoka uani kwa mguu wa kulia, mmoja nyuma ya mwingine, wakashika njia ya porini kwenda shule. Kutazama nyuma hakukuruhusiwa.

Mwaka wangu ulipofika, mama alipata sketi ya bluu ya binti wa jirani, akaipunguza kwa mkono, akaifua na kuianika uani. Nilikaa karibu yake mchana kutwa nikifukuza kuku. Asubuhi nikajipanga mstarini na wenzangu. Bibi akaja na unga wake, paji kwa paji. Alipofika kwangu kidole kikanipita kikaenda kwa wa nyuma yangu.

"Wewe Tatu subiri," akasema. "Hawa watangulie. Siku saba tu, mwaka wao utulie, ndipo na wewe uende."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, si shule tu hii? Wanakwenda kusoma, hawaendi kujenga nyumba."

"Mwanangu, hawa ni watoto wa watu. Likitokea la kutokea, mama zao utawajibu nini?"

Baba alikuwa porini kwenye tanuri zake za mkaa, hata angekuwepo asingebishana na mama yake. Nikavuliwa sketi, ikakunjwa.

Siku ya nane mama akanishika mkono tukaenda. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mtu wa bara, mpole, shati limechomekwa vizuri. Akatuonyesha orodha.

"Orodha imefungwa, mama. Wenyewe hawa wanakaa wanne wanne kwenye benchi. Mlete mwakani."

"Tumechelewa siku saba tu, mwalimu."

"Na mimi siku zote saba nilikuwa hapa hapa, mama."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana sijalisahau. Mwaka mzima wa mtoto ulipotea pale kwa adabu kabisa, kila mtu akiongea vizuri na mwenzake, mama akasema asante, tukarudi.

Mwaka wa pili sikungoja mtu. Wenzangu wakiwa wanapakwa unga, mimi nilikwishapita nyuma ya choo na ufagio wangu, nikakatiza shamba la mihogo, nikatokea njia kuu nikikimbia. Sikupakwa kitu. Mguu niliotangulia nao siujui mpaka leo. Nilifika shuleni hata kengele haijapigwa. Mwalimu yule yule akaniambia nipitishe mkono juu ya kichwa nishike sikio la upande wa pili, ndivyo walivyokuwa wanapima kama mtoto amefikia umri. Nikalishika, nikalivuta.

"Unalivutia nini?"

"Nisije nikaambiwa sikulifikia."

Akacheka, akaandika jina langu. Lilikuwa la kwanza kwenye karatasi tupu. Nikalitazama, ingawa sikuweza kulisoma.

Baada ya muda kundi letu likaingia na alama zao za unga. Mbele alikuwa Zuhura, binti wa shangazi yangu, tuliyekuwa tunaishi naye ua mmoja. Aliponiona alisimama kama ameona chui.

"We Tatu! Umefanya nini? Bibi atakuua!"

"Aje aniue hapa hapa shuleni."

Watoto walikuwa wengi kuliko mwaka uliopita, tukakalishwa watano benchi moja. Zuhura akawa mwisho, mimi katikati. Hata mapumziko hayajafika, benchi likavunjika mguu upande wa Zuhura. Sisi wengine tulimwangukia. Alitoa sauti moja tu, kisha akabaki anautazama mkono wake wa kulia uliokuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Mwalimu alimfunga mkono kwa kitambaa, akamtuma mtu ampeleke nyumbani. Kisha akaligeuza benchi juu chini, akaugonga ule mguu uliovunjika. Ukamwaga vumbi kama unga. "Mchwa," akatuambia. "Mnaona? Umeliwa wote ndani." Nakumbuka kabisa kwamba hakuna mtoto wa kwetu hata mmoja aliyetazama mguu wa benchi. Walikuwa wananitazama mimi.

Habari ilinitangulia nyumbani. Shangazi alikuwa anapiga kelele, "Mkono wa kulia! Mwanangu mkono wa kulia!" Bibi hakunipiga. Alinikalisha mbele yake, akanishika mashavu kwa viganja vyake viwili, akaniuliza taratibu, "Nilisema, sikusema?"

Alisema. Na likatokea. Hapo ndipo panaponichoma mpaka leo, kwa sababu mtu akikuambia hivyo huna pa kushika. Lakini hebu tuambiane ukweli. Siku ya kwanza ya shule, watoto wadogo wengi, njia ndefu, madawati mabovu, ni lini halikutokea jambo? Mwaka uliotangulia, mimi nikiwa nimefungiwa nyumbani na sketi yangu imekunjwa, mtoto mmoja wa kundi lile aliumwa na nyoka njiani, nusura afe. Hakuna aliyeuliza nuksi ile ilitoka kwa nani. Ilikuwa nyoka tu. Mimi nikiwepo, hakuna mchwa, hakuna ubao uliooza, kuna mimi.

Siku ya tatu tangu nizuiwe kwenda shule, mwalimu akaja nyumbani kwa miguu, ameshika ule mguu wa benchi mkononi. Bibi akampa kigoda na mihogo ya kuchemsha. Mwalimu akauweka ule mti miguuni pake.

"Shikamoo bibi. Nimeuleta mwenyewe muuone. Mtoto hana kosa. Ni mchwa."

"Marahaba, mwanangu. Mchwa sisi tunawajua kabla hujazaliwa. Hao wamekula mti huo miaka. Watoto wangapi wamekaa juu yake? Mbona mti ulingoja siku aliyoingia huyu?"

Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango. Nikapiga kelele mwenyewe: "Kwa sababu tulikaa watano!"

"Ingia ndani wewe," akasema Bibi, wala hakugeuka.

Mwalimu akala mihogo, akashukuru, akaondoka. Hakurudi tena. Jina langu lilibaki mwanzo wa orodha likipigwa alama ya kutokuwepo, mpaka siku wakalikata. Watu huniambia nimsamehe, alijitahidi. Alijitahidi mara moja. Kwa mtoto wa miaka minane aliyekimbia peke yake porini ili aandikwe, mara moja ni ndogo.

Mkono wa Zuhura ulifungwa vipande vya mianzi, akarudi shule ameuning'iniza shingoni. Jioni alirudi na kazi za nyumbani, na kuandika hawezi. Shangazi hajui herufi, mama hajui, Bibi ndiyo kabisa. Zuhura akaanza kulia kwamba mwalimu atamchapa. Basi Bibi akaniita, akanipa daftari.

"Mwandikie mwenzako."

Nikamwuliza, "Bibi, sasa nuksi yangu?"

"Kwa Zuhura imekwishatoka, haina kingine cha kumfanya. Wale wengine ndio bado."

Nawaapieni alisema hivyo, bila hata kupepesa jicho. Na huyu alikuwa mwanamke aliyenipenda. Nikiumwa, yeye ndiye aliyekuwa anakesha nami. Hakuwa mchawi, hakuwa mwovu. Aliogopa tu, na woga wake ukapewa jina la hekima, na mimi nikaulipia.

Basi tukawa tunalala kifudifudi mkekani kila jioni, Zuhura anatoa amri, mimi nachora.

"Tumbo la hiyo herufi liangalie huku, kigego. Huku! Hiyo umeandika nini, jembe?"

"Hebu nionyeshe ya kitabuni."

"Usinipangie, daftari langu."

Nilikuwa naifuta na kuiandika upya mpaka ikae sawa. Siku moja daftari likarudi limeandikwa kwa wino mwekundu: Vizuri sana. Zuhura akamsomea mama yake. Shangazi akapiga vigelegele, akamwita kila jirani aje aone. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika kalamu. Vizuri sana ile ilikuwa yangu, nami nasema hapa kwa maandishi, kwa sababu siku ile hakuna aliyesema.

Mkono ulipopona, daftari likachukuliwa. Nilikuwa nimekwishazijua herufi zote na kuziunganisha kidogo. Yaliyobaki nimeyaokota mwenyewe, kwenye mifuko ya saruji, kwenye kalenda za ukutani, kwenye magazeti ya kufungia sukari. Shule yenyewe sikuiingia tena. Mama alinipeleka Gwata kwa dada yake, akidhani huko hawayajui meno yangu. Hawakuyajua kweli. Lakini mama mkubwa alikuwa na shamba na watoto wadogo wa kulelewa, na hakuna aliyekumbuka kuniuliza kuhusu darasa.

Leo nipo Picha ya Ndege, Kibaha, na cherehani yangu. Desemba na Januari silali, ni sare tu, mashati meupe na sketi za marinda. Juzi alikuja mama mmoja kijana, mfanyakazi wa ofisini, simu mbili mkononi. Akaleta watoto wawili nikawapima. Wakati wa kuondoka akaniinamia sikioni: "Fundi, ya huyu mdogo usiharakishe. Ataanza wiki ya pili. Meno ya juu yalitangulia. Si kwamba mimi naamini, ila bibi yake…"

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika yote. Nilimwambia sare ya mdogo nitaishona kwanza, na kama hataki achukue vitambaa vyake aende. Alikasirika, akasema fundi gani huyu anaingilia familia za watu. Lakini aliviacha.

Ningeweza kuishia hapo, nionekane shujaa. Ila mimi najivunia kusema mambo kama yalivyo, basi niyaseme na yanayonihusu.

Binti yangu wa kwanza, Rehema, alipoanza darasa la kwanza hapa hapa Kibaha, sare yake niliishona mwenyewe, nikaifumua mara mbili mpaka marinda yakalingana. Viatu vimepigwa rangi, nywele zimesukwa. Asubuhi ile mume wangu, mtu wa Singida asiyejua lolote la meno, akawa ananisubiri nje tuondoke wote watatu.

"Mpeleke wewe," nikamwambia. "Kuna mteja anakuja."

"Saa hizi?"

"Ndiyo, saa hizi."

Hapakuwa na mteja. Rehema akanitazama. "Mama, huji kuona nikiandikwa?"

"Nitakuja kukuchukua mchana."

Wakaondoka. Nikakaa kwenye cherehani isiyo na kitambaa. Sikuwa na Bibi wa kunizuia, alikwishafariki miaka mingi, na mtaa mzima hakuna aliyekuwa na habari na kinywa changu cha utotoni. Nilijizuia mwenyewe, kwa akili zangu timamu, na mwanangu akaandikwa shule mama yake hayupo.