Evodia afuata migomba ya mama yake kwa mtalaka wake

Giza bado limetanda Kitendaguro, pembeni mwa mji wa Bukoba, na sufuria ya Evodia Kyaruzi inachemka. Ndani mna buni mbichi za kahawa pamoja na majani ya omujaja yanayonukia hadi barabarani. Evodia anazigeuza kwa mwiko, anachukua moja, anaibonyeza kwa vidole.

“Zikilainika mno zinapasuka,” anasema. “Mteja atatafuna maganda.”

Hii ni kahawa ya kutafuna. Akiianika ikakauka, anaifunga kwenye majani makavu ya mgomba na kuipeleka sokoni Bukoba. Fundo lake lina mizunguko miwili, kama alivyofundishwa na mama yake. Siku ikiwa nzuri anabaki na faida ya shilingi elfu nane.

Evodia ana miaka 61. Hadi miaka mitatu iliyopita, kahawa hiyo aliipika kwa ajili ya wageni wa mume wake, Joackim Kahangwa, huko Muleba. Walikuwa wameishi pamoja miaka 36. Kisha Joackim alianza kwenda kisiwa cha Goziba kununua samaki, na huko akapata mke mwingine.

“Wazee wa kanisa walikaa nasi hadi wakachoka,” anasema Evodia. “Mwisho nikaenda mahakamani mwenyewe. Watu wakasema, bibi mzima anadai talaka, anataka kuolewa na nani?”

Anacheka kidogo, kisha anafunika sufuria.

Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kilikuwa cha ukoo wa mume. Kilibaki huko. Evodia alipata sehemu ya thamani ya nyumba waliyojenga pamoja, shilingi milioni nne. Akaongeza akiba yake ya kikoba, akanunua kipande cha ardhi mteremkoni na kujenga vyumba viwili.

Fedha ziliisha hapo. Upweke haukuisha.

“Mwaka wa kwanza nilikuwa napika ndizi za watu wawili. Nazitazama, halafu nampelekea jirani. Kanisani nakaa nyuma kabisa, natoka kabla ya mnada wa sadaka ili nisisalimiwe.”

Kilichomsumbua zaidi ni kiwanja chake kutokuwa na mgomba hata mmoja. Miche angeweza kununua, lakini aliitaka enshakala, ndizi ya kupika ya mama yake. Siku ya harusi mama alimpa miche ya ndizi hizo, akaenda nayo kwa mume. Baadaye ugonjwa wa mnyauko uliingia kwa wazazi wake na migomba yote ikang’olewa. Uzao wa ile ya mama ulikuwa umebaki sehemu moja tu: nyuma ya nyumba ya Joackim.

Mwaka mzima alishindwa kwenda. Klaudia, anayeuza ndizi jirani naye sokoni, alimtania kila siku.

“Mwenzangu, mahakama hukuiogopa. Leo unaogopa mgomba?”

“Siuogopi mgomba. Namwogopa aliyesimama karibu nao.”

Machi mwaka huu alipanda basi la Muleba. Alimkuta Joackim peke yake. Mke wa Goziba alikuwa amerudi kwao, na mguu mmoja wa Joackim ulikuwa umevimba. Evodia akaketi kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, mahali pake pa siku zote. Mara akainuka kwenda kuchukua kikapu cha kahawa, kwa sababu kwa Wahaya mgeni hupewa kahawa na mwenye nyumba.

“Kaa,” Joackim akamwambia. “Leo mgeni ni wewe.”

Akamsogezea kiti. Akachechemea ndani, akakaa huko kitambo akipekuapekua, akarudi na kifurushi kidogo. Evodia akaliona fundo la mizunguko miwili.

“Hii nimeifunga mimi.”

“Najua. Namwagiza dereva wa basi. Ya wengine ina maganda.”

Walitafuna. Kisha Joackim akasema, akiangalia nje, “Ungerudi tu, Evodia.”

“Nilikuja kuomba miche, waitu,” Evodia akajibu kwa adabu. “Sikuja kurudi.”

Joackim aliitikia kwa kichwa. Walipokwenda nyuma ya nyumba walimkuta shemeji, Rutaihwa, ameshafika na fimbo yake.

“Ameachika, sasa anahamisha na migomba ya ukoo,” Rutaihwa akasema. “Kesho atakuja kubeba mawe ya makaburi.”

“Mawe yenu yabaki,” Evodia akajibu. “Hii ilikuja kichwani kwangu, nikiwa bibi harusi. Ulikuwepo, ulikula pilau.”

Joackim akamwambia mdogo wake, “Mwache. Ilikuja naye.”

Rutaihwa alipiga fimbo chini mara moja, akaondoka. Joackim akawasha moto wa majani na kupitisha panga ndani yake, upande huu na ule, ili lisibebe ugonjwa. Akamkabidhi Evodia. Evodia akang’oa miche mitano, akaimenya mizizi hadi ikawa myeupe. Joackim, mguu ukimuuma, alishikilia gunia.

“Ndani ya basi nililia,” anasema. “Si kwa majuto. Nililia kama mtu aliyetoka kuzika na amezika vizuri.”

Kumekucha sasa. Evodia anaepua sufuria na kwenda kuangalia migomba yake. Minne imeshika, mmoja umeoza. Anamwaga maganda ya ndizi kwenye mashina, kama mama yake alivyofanya. Jumapili hizi hubaki kanisani hadi mnada uishe. Wiki iliyopita alinunua jogoo.

Mkungu wa kwanza ukikomaa, anapanga kupika sufuria kubwa na kumwita Klaudia na majirani. Je, Joackim?

Anapangusa udongo mikononi.

“Akija, nitamwekea kiti,” anasema. “Na kahawa nitatoa mimi. Hapa ni kwangu.”