Wembe Mmoja kwa Jamaa Nzima

Wewe unayeshusha kitambaa ili watu wasione macho yako ya manjano, nisikilize kwanza. Mimi pia nilikishusha.

Zamani nilikuwa mtu wa nguvu. Niliuza samaki wakavu sokoni Mudzipela, hapa Bunia, na mdomo wangu ulijulikana kuliko samaki wenyewe. Halafu uchovu ukaja. Nikawa nasinzia mbele ya wateja. Ngozi iliniwasha hadi nikajikuna na kutoka damu, mkojo ukawa mweusi kama chai, tumbo likajaa maji. Majirani wakanipa hongera ya mimba! Nilicheka nao, kisha nikaenda chooni kulia.

Daktari alipima damu. "Mama, iko hepatite C. Kidudu iko mu damu, inaharibu maini pole pole. Balishaka kukuongeza damu?"

"Hapana."

"Na kukuchanja?"

Nikagusa makovu ya chale begani. Vita vya kwanza vya huku kwetu vilinikuta Djugu, kwa wakwe zangu, bibi arusi mpya. Mama mkwe alituchanja sote kwa wembe mmoja, akapaka unga mweusi juu ya damu, ili risasi zitupite. Ningekataaje? Alifanya kwa upendo.

Daktari alinieleza kwamba zamani ugonjwa huu ulitibiwa kwa sindano zilizoleta homa na kukondesha, na wengi hawakupona. Watafiti walihangaika miaka mingi hadi wakapata vidonge vinavyozuia kidudu kuzaana.

"Kila siku, miezi tatu. Usiruke. Na ukisha pona, wembe inaweza kukurudishia kidudu tena."

Nyumbani nikasema ni dawa ya tumbo. Niliona haya.

Vidonge vilikuwa vinakaribia kwisha, bunduki zikalia tena kule Djugu. Ukoo wa mume wangu ukakimbilia kwetu Bunia. Asubuhi moja nikamkuta mama mkwe uani, kibakuli cha unga mweusi mapajani, watoto wamejipanga mstari. Binti yangu Neema alikuwa wa kwanza, bega wazi. Wembe ulikuwa tayari na damu, kwa sababu bibi huyu hujichanja mwenyewe kwanza, watoto wasiogope.

Nilimkamata mkono.

"Mama, acha."

"Weye unanikataza? Risasi ikikuta huyu mutoto, utasema nini?"

Risasi niliziogopa kama yeye. Mume wangu alinikazia macho, shemeji zangu wakaanza kunung'unika. Ikabidi niseme.

"Ile dawa ninakunywa haiko ya tumbo. Niko na kidudu mu damu. Niliipata ku wembe."

Mama mkwe aliutazama wembe, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, akaingia ndani. Siku ile hakula.

Kesho yake nilimkuta mlangoni, amevaa nguo za kanisani.

"Unipeleke kwa munganga yako, ule alikupima damu."

"Kufanya nini, Mama?"

Akanionyesha mikono yake yenye chale. "Wembe inaanzaka na mimi."

Leo damu yangu ni safi, ingawa ini lina makovu na bado napimwa. Namshukuru Mungu, na wale wote waliohangaikia vidonge hivi. Nawe nenda ukapimwe. Wembe wa mwenzako usiuguse, hata ukishikwa na mkono unaokupenda.

Mama mkwe naye anakunywa vyake sasa. Kila asubuhi namshikia kikombe cha maji, na kila asubuhi ananiuliza swali lile lile kabla ya kumeza.

"Batoto balipimwa?"

"Balipimwa, Mama. Bote bako bazima."

Ndipo anameza.